Jinsi ya Kuuza Lengalenga Ambazo Hazijaota

Mwongozo wa hatua nane kwa mkulima mdogo wa Kolwezi aliyechoka na wateja na sasa anatafuta wanachama

Ndugu mkulima, siku hizi kulima peke yake hakutoshi. Sharti uwe na mfumo. Mimi, baada ya misimu mitatu ya kuinamia matuta arobaini bondeni upande wa Nzilo, nimepata wangu, tena wa kimataifa. Wenyewe huuita kilimo cha kapu. Kwetu kapu ni kitunga, basi na tuuite kilimo cha kitunga. Familia za mjini zinakulipa mwanzoni mwa msimu, kabla hujatia mbegu ardhini. Kwa fedha hizo unanunua mbegu, samadi na arozwari, ile ndoo yenye pua ya matundu. Kisha kila Jumamosi unapelekea kila nyumba kitunga cha mboga zilizopatikana wiki hiyo. Shamba likikubali, kitunga kinafurika. Likikataa, kitunga kinapungua, na mwanachama hanung'uniki, kwa sababu naye ni mshirika wa shamba.

Simama mbele ya kioo ujizoeze kusema "mwanachama hanung'uniki" mpaka uweze kumaliza bila kucheka. Ukiweza, uko tayari.

Wajapani waliushika mpango huu miaka ya 1970 wakauita teikei. Mwaka 1986 ulianza Marekani, na mwaka 2001 ukaanza Ufaransa, huko Aubagne karibu na Marseille. Kote huko, wanasema, mkulima analala usingizi mzito. Sisi twende polepole.

Vifaa. Jembe, reki, arozwari mbili (moja itaazimwa na haitarudi). Simu yenye M-Pesa na Airtel Money. Daftari lenye kurasa nyingi upande wa madeni. Vitunga ishirini, na jirani anayejua kusuka vingine, maana kitunga kikishaingia jikoni kwa mtu hakitoki tena. Ukirudi wiki ijayo utakikuta kimewekewa makala, yaani makaa.

Hatua ya 1: Pata ardhi, kisha hesabu wenyewe

Huku kwetu shamba moja lina wenyewe watatu. Wa kwanza ni chifu wa mila, ambaye babu zake wamezikwa hapo, na ambaye haendewi mikono mitupu. Wa pili ni Serikali: sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali yake, nawe unachopewa ni haki ya kuutumia, ukijaliwa karatasi. Wa tatu ni mwenye kibali cha madini yaliyo chini ya mizizi yako. Huyu hujawahi kumwona. Yeye ni mraba wa rangi kwenye ramani ya kadastra ya madini, nawe unamwagilia maji kichwani pake.

Usiogope. Mizizi ya lengalenga, ambazo ndugu zetu wa pwani huziita mchicha, haifiki mbali. Ila ukichimba kisima, chimba kwa kiasi na usishangilie rangi ya udongo. Habari ya mtaa wa Kasulo unaijua: mwaka 2014 mtu alichimba kiwanjani mwake, akakutana na heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Haukupita muda watu wakawa wanashuka mashimoni kutoka sebuleni kwao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa uzio na wenye nyumba wakalipwa waondoke.

Wakulima wa nchi nyingine huomba ardhi yenye utajiri. Wewe, kila unapopiga magoti, omba hivi: Bwana, nipe udongo mweusi juu, na chini yake usiweke kitu.

Wala usione haya kama jembe umelijua ukubwani. Bondeni kwetu wazee kadhaa ni wahitimu wa mwaka 2003, Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, ilipowaaga wafanyakazi 10,655 katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Walikuwa mafundi umeme, madereva wa mitambo, makarani. Utawatambua kwa matuta yao: yamepigwa kamba, yamenyooka, na mmoja wao ameyapa namba.

Hatua ya 2: Soma majani kabla ya kupanda majani

Tembea uone kinachoota chenyewe. Ukikuta kimmea cha ukoo wa mrehani, chenye vichwa vya maua ya zambarau, kimetawala peke yake mahali ambapo miti imekataa kuota, usiseme umepata bustani. Hilo ni ua la shaba. Wataalamu huliita *Haumaniastrum katangense*. Linastahimili shaba ambayo mboga zako haziwezi kuistahimili hata wiki moja. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamelitumia kutafuta tanuru za mababu waliokuwa wakiyeyusha shaba na kuimimina iwe misalaba ya biashara, karne nyingi kabla ya Union Minière, kampuni ya madini ya enzi za ukoloni. Mahali lilipoota palikwisha kuwa kiwanda. Wewe pita.

Badala yake tafuta kichuguu, kimojawapo cha vile vyetu vya Katanga, vikubwa kama nyumba. Mchwa wamekufanyia kazi ya miaka mingi: udongo wao mara nyingi una chokaa kuliko udongo mwekundu ulio kando. Uchimbe kidogokidogo, usambaze kwenye matuta, na uwahi, kwa sababu mfyatua matofali naye amekiona.

Sasa kuna aya moja isiyo na mzaha. Isome kabla mzaha haujarudi. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji, akiwamo daktari Célestin Banza, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuripotiwa popote kwa raia wa kawaida. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2014, uliuliza inapita wapi. Kwa watoto ilipita zaidi kwenye vumbi. Kwa watu wazima ilipita kwenye chakula, na mboga za majani zinazolimwa jirani zilikuwa mstari wa mbele. Kwa hiyo usimwagilie kwa kijito kinachotoka upande wa kiwanda, hata kama ndicho kilicho karibu. Tia chokaa na samadi kwa wingi, kwa sababu udongo usio na uchachu huyashika madini yasipande kwenye jani. Yale matuta ya kando ya barabara ya malori uyape nyanya na bilinganya, si majani. Na osha mboga kwa maji safi mara mbili, kisha mwambie mpishi aoshe ya tatu.

Mzaha umerudi. Mwanachama akikuuliza kama mboga zako hazina kobalti, usijibu haraka. Mwulize kwanza simu aliyoshika mkononi ameiosha mara ngapi.

Hatua ya 3: Tafuta wanachama

Hapa ndipo vitabu vya Kifaransa vinapokuacha. Mimi nilianza kwa kueleza mpango kama ulivyo, kwenye ua wa familia moja ya komuni ya Manika, huku mama mwenye nyumba akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Mama, unanilipa leo. Kwa miezi minne nitakuletea mboga kila Jumamosi."

"Mboga gani, Papa?"

"Zitakazokuwapo."

"Kiasi gani?"

"Kadiri shamba litakavyojaliwa."

"Na bei?"

"Ileile."

"Na shamba lisipojaliwa?"

"Tutakuwa tumeshirikiana, Mama."

Aliweka kisu chini, akageukia mlangoni: "Papa wa watoto, njoo usikie, amekuja mchungaji mwingine."

Alikuwa na haki. Mjini kwetu si mara ya kwanza mtu kuambiwa atoe fedha leo, apande mbegu, avune asikojua. Tofauti ni kwamba mimi mbegu ninaipanda kweli, tena kwenye tuta unaloweza kwenda kulitazama. Lakini tofauti hiyo haionekani kwenye uso wa mtu. Na wazee wanaokumbuka Bindo ya mwaka 1991, iliyomeza akiba za watu ikiahidi kuzizalisha, hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Kwa hiyo acha Wajapani, sema likelemba. Kila mtu anaijua: kila mwezi mnatoa sawa, mmoja anakula, mwingine anangoja zamu. Sema kilimo cha kitunga ni likelemba ambayo udongo nao ni mwanachama, nao ndio unaokula wa kwanza. Kwa maneno hayo nilipata wanachama kumi na wanane katika wiki mbili. Nitakutajia wa aina nne, kwa sababu nawe utawapata.

Mwalimu atajiunga siku hiyohiyo, atalipa theluthi, na kwa theluthi mbili utamfuata mpaka mwisho wa dunia. Si kwa ubaya wake, bali yeye naye anamfuata mtu.

Mnunuzi wa mawe wa soko la madini la Musompo atalipa yote kwa dola, bila kuhesabu, akiwa ndani ya gari.

Injinia mgeni atauliza kama una majani fulani yenye jina la Kiitalia. Sema ndiyo. Mpe lengalenga changa.

Na utampata mama mzee mmoja, mjane, wa cité ya zamani ya wafanyakazi, ambaye hataki kuelezwa lolote. Atauliza neno moja tu: "Siku gani?" Utamjibu, "Jumamosi, Mama." Atafungua pindo la kitenge, atatoa fedha zilizokunjwa mara nane, atakulipa msimu mzima. Utaondoka ukidhani hakuelewa.

Hatua ya 4: Panga bei kwa kutazama mawe

Wakulima wengine hutazama mawingu. Wewe tazama bei ya kobalti, kwa sababu mvua ya mifukoni mwa wanachama wako inatoka huko. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na mji wetu unakohoa kila bei inapopata mafua. Februari 2025, bei ilipokuwa imelala chini, Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje kwa miezi minne. Ikaongeza mingine mitatu. Mwezi wa Oktoba ikaja na mgao: kila kampuni na kiasi chake.

Mnunuzi wangu wa mawe alinipigia simu wiki moja baada ya tangazo la kwanza. Alisema kwa upole mkubwa kwamba kwa sasa nyumbani kwake watu wamepunguza mboga. Nikamkumbusha kwamba alikwisha kulipa msimu mzima. Akanyamaza kidogo, akasema: "Ndiyo. Naomba zirudi kama fedha." Katika yote niliyosoma kuhusu kilimo hiki sikukuta mahali palipoandikwa kwamba bilinganya zinaweza kukosa mlaji kwa amri ya kobalti. Nimeliandika mimi, na nakudai shukrani.

Kuhusu sarafu: taja bei kwa dola, pokea kwa franka. Ukipokea dola, inyanyue kwenye jua. Noti ya dola yenye mchaniko mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga hakuna atakayeigusa tena mjini, wakati franka iliyokatika vipande ikaungwa kwa utepe inazunguka sokoni kwa heshima zake zote.

Hatua ya 5: Jaza kitunga

Hii ni ratiba yangu halisi ya kiangazi, yaani kipwa chetu.

Wiki ya 1: lengalenga. Wiki ya 2: lengalenga na majani ya vitunguu. Wiki ya 3: lengalenga, mwanachama anatuma ujumbe, "Asante Papa, tumeona." Wiki ya 4: matembele, shangwe. Wiki ya 5, katikati ya Juni: baridi. Kolwezi iko juu kwenye mita zaidi ya 1,400, na usiku wa Juni mnyanya unakaa kama abiria aliyekosa basi: hafi, haendi. Wiki ya 6: kabichi ya Kichina. Wiki ya 7: lengalenga, lakini zimefungwa kwa kamba ya rangi nyingine.

Wiki ya 8 shetani anakuja akiwa amebeba nyanya za Zambia. Ziko sokoni, nyekundu, zinalingana kama zimepigwa muhuri. Zimepita Kasumbalesa, zimelala Lubumbashi, zimesafiri kilomita 300 zikipishana na malori ya shaba yanayokwenda zilikotoka. Ni rahisi kuliko zako, ambazo hazipo. Kilo moja tu kwa kila kitunga, nani atajua?

Nilifanya hivyo mara moja. Jumamosi ile simu haikupumzika. "Papa, leo umeweza!" "Papa, sasa shamba limeamka!" Yule injinia alipiga picha. Nilivuna sifa zote za msimu kwa nyanya ambazo sikuzimwagilia hata kikombe, na wiki iliyofuata, nilipoleta zangu ndogo zenye kovu, nikaulizwa kama ninaumwa. Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kiufundi tu: usidanganye kwa kitu kilicho bora kuliko chako.

Hatua ya 6: Siku ya kugawa

Amka saa kumi za usiku, kata mboga umande ukingali juu, osha, funga. Mwite manseba mwenye pikipiki imara, mfungie vitunga tisa nyuma na kimoja mbele, mpe majina ya wenye nyumba. Mitaa yetu haina namba zinazosomeka, basi andika anwani kama watu wanavyozisema: nyuma ya kanisa, geti la bluu, uliza Mama wa mapacha. Funika mboga kwa kitambaa chenye maji, la sivyo zitafika zikiwa na rangi ya barabara.

Atakayekosekana nyumbani atakuambia umwachie jirani. Ukimwachia jirani, umepata mwanachama mpya asiyelipa.

Hatua ya 7: Uza kwa kampuni, ujue maana ya kulipa mbele

Itafika siku mtu mwenye kofia ngumu na fulana ya kung'aa atakuja bondeni. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inayataka makampuni yatenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii, na wewe, ndugu, ndiye jamii. Utaalikwa kwenye mafunzo ya siku mbili. Utapewa kofia, daftari na soda. Utafundishwa faida ya samadi na kijana ambaye viatu vyake havijawahi kuikanyaga. Utapigwa picha umeshika kabichi. Tabasamu vizuri: kabichi hiyo hawatainunua, lakini itasafiri kwenye ripoti na kufika miji ambayo hutafika.

Ukibahatika zaidi, mkandarasi wa chakula cha kambi, kampuni nitakayoiacha bila jina, atataka mboga zako jikoni kwake. Atakuomba namba ya usajili wa biashara, namba ya kodi, akaunti ya benki, karatasi ya ukandarasi mdogo, na brokoli. Nilitafuta vyote. Brokoli ndiyo iliyokuwa rahisi. Nikapeleka magunia wiki sita mfululizo, nikaandika ankara sita, kisha nikaambiwa kwamba malipo hufanyika siku 90 baada ya ankara kukubaliwa, na kwamba ankara hukubaliwa na bwana aliye likizoni.

Pale getini, nikiwa nimesimama na magunia matupu, ndipo nilipoelewa mfumo wangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimetoa mbegu zangu, maji yangu na jasho langu mbele, nikingoja kulipwa Mungu akijalia. Mimi ndiye niliyekuwa mwanachama. Kampuni ile ilikuwa imejiunga na kilimo cha kitunga muda mrefu, ila upande wa pili.

Hatua ya 8: Peleka hasara mwenyewe

Mvua ya kwanza ya Novemba mwaka ule ilikuja na mawe. Kolwezi tunayapenda mawe, lakini haya hayakuwa na kobalti. Kwa muda wa kuchemsha maji ya bukari, ugali wetu, matuta ishirini na mawili yalikuwa uji. Mnyanya, ambao hatimaye ulikuwa umekubali, ulibaki vijiti. Lengalenga zilionekana kama zimepitiwa na mkutano wa hadhara.

Wafaransa wanasema siku hiyo ndiyo kilimo cha kitunga kinapoonyesha uzuri wake, kwa kuwa hasara inagawanywa. Niligawa habari kwa simu. Majibu yalikuwa haya. Mwalimu: "Pole sana Papa," kisha kimya. Injinia: aya mbili ndefu zenye neno "mkataba." Mama wa Manika, yule wa sombe: "Si ulisema mimi ni mshirika? Mshirika mimi nadai faida." Mwingine alituma tu picha ya kitunga kitupu, yaani kile cha makala.

Nilikaa chini ya mwembe nikakasirika, na hasira ikanipa hesabu. Watu hawa si wageni wa hasara. Wanashiriki vumbi la malori kila siku ya kipwa. Wameshiriki mito iliyogeuka rangi na kuta zilizopasuka kwa baruti za mgodini, na hakuna aliyewahi kupita na daftari kuwaandikisha. Wala kuuza mbele si jambo geni katika mji huu. Mwaka 2008 nchi ilitia saini mkataba mkubwa na makampuni ya China: barabara na majengo kwanza, shaba na kobalti ya Kolwezi baadaye. Shaba ile iliuzwa ikiwa bado imelala ardhini, kwa mabilioni ya dola, na hakuna aliyesema "leta kwanza nione." Ni lengalenga tu zinazodaiwa zionekane kwanza.

Nilikuwa nimeipenda sana hotuba hiyo. Jumamosi nikaenda kuitoa kwa mama mzee wa cité, yule aliyelipa msimu mzima kwa swali moja tu. Nilichagua kwake kwa sababu ndiye pekee ambaye simu yake haikupokelewa, na kwa sababu, nikiri, nilidhani hataniuliza kitu. Nilibeba kitunga chenye mafungu matatu ya majani yaliyotoboka.

Alikuwa amekaa kizingitini. Aliangalia kitunga, akaangalia miguu yangu yenye tope. Nikaanza: mvua, mawe, matuta ishirini na mawili, Ufaransa.

"Keti, Papa," akasema.

Akayapanga mafungu matatu juu ya ungo kana kwamba yalikuwa kumi. Kisha akaniambia habari ya posho. Alifika cité akiwa bibi arusi, enzi ambazo kila mfanyakazi wa migodi aligawiwa chakula cha familia: unga, maharage, samaki, mafuta. Siku ilijulikana. Wanawake walipanga mstari na mifuko yao. Hakuna aliyechagua. Ukipewa maharage mengi na hupendi maharage, ulibadilishana na jirani ukutani, ndivyo alivyopata rafiki wa miaka arobaini. Kwa hiyo nilipomwambia habari ya kitunga cha kila Jumamosi, ambacho huchagui kilichomo, nilikuwa namweleza mambo ya ujana wake.

"Sasa ile posho," akasema, "siku moja haikuja. Tukapanga mstari, ikafika saa sita, tukarudi. Wiki nyingine tukapanga tena. Hakuna mtu aliyekuja kutuambia kitu. Mimi mpaka leo nangoja mtu wa kuniambia." Akacheka kidogo, akavuta ungo karibu. "Wewe mawe yamekupiga Jumanne, Jumamosi uko hapa na tope lako. Basi."

Sikuitoa hotuba yangu. Alianza kuchambua majani yale, akitenga yaliyotoboka sana na yaliyotoboka kidogo, huku akiniuliza kama kijito kimerudi mahali pake, na kama mzee wa matuta yenye namba naye amepigwa.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, andika hatua ya nane hivi: hasara haipelekwi kwa simu. Ifunge kitungani, ipeleke kwa miguu, nyumba kwa nyumba, ukianza na yule unayemwogopa. Nilizunguka nyumba zote kumi na nane, siku mbili. Wanne walidai fedha zao na nikawaandika kwenye daftari, upande wenye kurasa nyingi. Mwalimu alinipa theluthi ya pili pale pale mlangoni, sijui alikoitoa. Yule mama wa Manika alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa maji ya kunywa, akasema faida yake ataidai mwakani.

Mama wa cité alinisindikiza hadi barabarani. Alifungua pindo la kitenge, akatoa fedha zilizokunjwa mara nane, za msimu ujao ambao sikuwa nimeutangaza, tena ambao sikuwa na hakika nao.

"Ila Papa," akasema, akiwa bado amezishika, "mwaka kesho punguza lengalenga."

Nikamwahidi. Jumatatu nikashuka bondeni, nikatengeneza matuta yaliyobomoka, nikafungua pakiti ya mbegu iliyosalimika. Ilikuwa moja tu, na unajua ilikuwa ya nini.